Nyambizi ya Kwenda Kuangalia Mlango

Nchi ninayoisimulia ina jina zuri sana, lakini kwa sheria zetu jina hilo hutamkwa mtu akiwa amesimama wima, mikono ubavuni. Mimi naandika nimekaa, tena mgongo unaniuma, kwa hiyo mniwie radhi, nitaiita nchi yetu tu. Msomaji akihisi amewahi kufika huku, hilo ni lake na mwenyeji wake, mimi lisinihusu.

Nchi yetu imejaliwa desturi moja ambayo majirani wanatuonea wivu. Kitu chochote kipya, kiwe daraja, ng'ombe wa kisasa au choo cha shule, hakiruhusiwi kutumika mpaka kizinduliwe na mgeni rasmi, na mgeni rasmi ndiye anayekitumia wa kwanza. Wanafunzi wetu kwa sababu hiyo wamekuwa wavumilivu mno. Isitoshe, neno lolote litakalotamkwa kwenye kipaza sauti tangu sherehe ifunguliwe mpaka ifungwe linakuwa sheria. Aliyelitamka anaweza kulitengua, lakini sharti arudi palepale alipolitamkia, kabla mgeni rasmi hajafunga sherehe. Ikishafungwa, basi, ni sheria ya milele.

Kuna mkuu mmoja aliwahi kuzindua soko siku ya Ijumaa, akateleza ulimi akasema, "Leo Jumatano." Wilaya nzima ilikaa na Jumatano mbili kwa wiki, na imamu wa pale akapata taabu kubwa, mpaka mkuu, ambaye kwa bahati alikuwa hajaifunga sherehe, alipopata nafasi ya kurudi.

Nimelieleza hili mapema ili baadaye asiwepo mtu wa kuniambia nimetia chumvi.

* * *

Zamani kidogo serikali ilijenga bwawa la umeme. Umeme wenyewe bado uko njiani, lakini maji yaliwahi kufika, yakakifunika kijiji cha Mtondoo chote, minazi, msikiti, visima na kila kitu. Watu walihamishiwa Kilima Upepo, juu ya bwawa, mahali pazuri ambapo mtu anaweza kukaa kibarazani na kuangalia kila alichopoteza.

Bahati nzuri makaratasi hayakulowa. Kwenye vitabu vya serikali Mtondoo iliendelea kuwepo, na wakazi wake wakaendelea kukaa humo. Kilima Upepo hakuna mtu, ni kichaka. Mwenye homa akitoka kilimani akaenda mjini kuomba dawa, aliulizwa anatoka wapi, akijibu akaambiwa, "Zahanati yenu si iko Mtondoo? Mheshimiwa aliweka jiwe la msingi mwenyewe. Nendeni kwenu mkatibiwe, msijaze foleni za wenzenu."

Mheshimiwa huyo ni Dakta Balozi Teofili Lugendo, Waziri wa Maji ya Juu na ya Chini, na Mbunge wa Mtondoo. Hakuna mbunge anayependwa kama yeye. Kila uchaguzi Mtondoo yote humpa kura, hakuna anayeugua siku hiyo, hakuna karatasi inayoharibika, na matokeo hufika makao makuu kabla masanduku hayajafunguliwa. Ndilo jimbo pekee nchini ambalo halijawahi kulalamikia uhaba wa maji. Mheshimiwa alikuwa na hamu kubwa ya kuwatembelea wapiga kura wake, alilisema hilo mara nyingi, ila sheria inamsamehe mbunge asiyeweza kufika jimboni kwa ukosefu wa njia ya kupitika.

* * *

Sasa, pale Kilima Upepo, kwenye kichaka kisicho na mtu, alikuwa akiishi Mzee Kipeleka, fundi wa mashine za kusaga, pamoja na mkewe Bi Sikudhani. Mzee Kipeleka hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Alijisifu asubuhi, akapumzika kwa chakula cha mchana, akaendelea jioni. Wazee wenzake walicheza bao. Yeye starehe yake ilikuwa kuunda vitu. Aliwahi kuunda helikopta. Haikuruka, lakini ilipowashwa ilikausha nguo za mtaa mzima, na wanawake wakaisikitikia sana ilipoharibika.

Bi Sikudhani naye alikuwa na mtoto wa jicho. Ukungu ulianza kushoto, ukahamia na kulia, na kila mwezi dunia ikazidi kumfifia. Alikwenda mjini kuomba atibiwe, akaambiwa arudi kwao Mtondoo. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kukumbuka mambo kwa sauti, kama anayeogopa yasije yakaondoka pamoja na macho.

"Mlango wa nyumba ya mama ulikuwa wa bluu," alisema jioni moja.

"Wa kijani," alisema Mzee Kipeleka.

"Bluu, baba Zena. Nimekua naufungua na kuufunga mimi."

"Na mimi nilipokuja kuposa nilisimama mbele yake asubuhi nzima, baba yako yuko ndani anajifanya hayupo. Niliuangalia mpaka nikauchoka. Kijani."

"Miguu ilikuwa inakutetemeka, rangi ungeionea wapi?"

"Haya, twende tukauangalie!"

"Uko chini ya maji."

"Najua uko wapi. Nimesema twende."

Mume mwingine angenyamaza akala chakula chake kikiwa moto. Mzee Kipeleka alikuwa ameshatamka, na Bi Sikudhani akasema kwa upole uliomtisha mzee kuliko ukali wake wote, "Basi fanya haraka, mume wangu. Nataka kuiona nyumba yetu nikiwa bado naona."

Nyambizi ya kwanza ya nchi yetu ilianza hivyo.

* * *

Mwili wake ulikuwa tangi la lori la mafuta lililopinduka bondeni. Injini ilikuwa dizeli ya mashine ya kusaga mahindi. Ikinguruma, watu walitoka na ndoo zao za mahindi kwa mazoea. Vioo vya madirisha, vinene kama mkate, vilitoka kwenye kaunta ya benki moja iliyofilisika. Kwa kuwa injini ya dizeli inahitaji hewa kama wewe na mimi, Mzee Kipeleka aliipangia kazi ya juu ya maji tu, kuendesha chombo na kuchaji betri. Chini ingezimwa, na betri za malori zingeshika kazi.

Na tumboni, kwa nje, alining'iniza jiwe kubwa la kusagia, limeshikwa na komeo moja la chuma.

"Hilo la nini?" aliuliza mkewe.

"Hilo ndilo roho zetu. Kila kitu kikishindikana, navuta komeo, jiwe linaanguka, sisi tunapanda wenyewe kama kizibo. Nimelifikiria mimi hilo, na wazungu nasikia wamenikopi."

Askari wa usalama barabarani walikuja kukikagua chombo. Walikitoza faini kwa kukosa waipa, wakaagiza kiwe na pembetatu ya kuakisi mwanga ili kikiharibika chini ya bwawa kiwekwe nyuma yake kuwatahadharisha wengine. Mzee Kipeleka aliinunua akaitundika ukutani. Nyambizi ikawa halali kabisa, ikabaki kuzinduliwa tu.

Mheshimiwa Lugendo alipoletewa habari hizo alizipokea kwa uzalendo mkubwa, akaagiza chombo kikamatwe. Lakini redio ilikuwa imeshawahi. Kiongozi wetu Mkuu alikuwa akinyolewa ndevu huku anasikiliza, akatoa povu mdomoni na kusema, "Safi sana! Sasa Lugendo atakwenda kuwaona wananchi wake." Kinyozi alipiga makofi. Basi likawa agizo.

Wanasema Mheshimiwa hakula siku hiyo. Mimi nadhani alikuwa amefunga.

* * *

Maandalizi alikabidhiwa Bwana Hilari, Ofisa Itifaki na mshereheshaji wa taifa, mtu ambaye hata nyumbani kwake husema "naomba sasa nimkaribishe" kabla ya kumpa mtoto uji. Alilizunguka lile tangi akitikisa kichwa kwa huzuni.

"Mzee wangu, king'ora kiko wapi?"

"King'ora cha nini? Nani atakuwa mbele yetu huko chini?"

"Mheshimiwa hasafiri bila king'ora. Bendera je? Friji? Na atakalia nini?"

Wakaweka king'ora juu, na mlingoti wa chuma wenye ncha ya mkuki, na bendera. Ndani wakaweka sofa la bluu, friji ya maji baridi na kiyoyozi, vyote vikivuta umeme wa betri zilezile. Wakateremsha waya mrefu kutoka nchi kavu kwa ajili ya kipaza sauti, ili hotuba ya Mheshimiwa kutoka jimboni isikike ufukweni kupitia maspika makubwa. Kisha Bwana Hilari akaliona jiwe la kusagia.

"Hili lina pumba," alisema. "Mgeni rasmi hawezi kubebwa na jiwe lenye pumba."

Likatolewa, likaletwa jiwe la msingi la marumaru lenye maandishi ya dhahabu: NYAMBIZI HII ILIZINDULIWA NA MHE. DKT. BLZ. T. LUGENDO (MB). Mzee Kipeleka alipiga kelele mpaka akakauka koo, mwishoni wakakubaliana kwamba jiwe libaki la heshima lakini lishikwe na komeo lilelile.

"Ila ufahamu, mzee," Bwana Hilari alimwonya, "jiwe lenye jina la waziri haliondolewi bila idhini ya mwenye jina. Ni kosa la jinai."

Likabaki suala la abiria. Itifaki ilitaka Mheshimiwa ashuke na dereva tu. Mzee Kipeleka alikunja mikono.

"Mke wangu asiposhuka na mimi sishuki. Yeye ndiye anayeijua njia. Mimi pale nilikuwa mkwe, nikifika naangalia chini."

Bwana Hilari alipekua kanuni zake, akaona kwamba kila ziara ya jimboni inahitaji mwenyeji wa kumpokea mgeni. Bi Sikudhani akaandikwa mwenyeji.

* * *

Siku ya uzinduzi hema kubwa lilifungwa ufukweni, bendi ikapiga, wakazi wa kichaka kisicho na wakazi wakajaa. Mheshimiwa alikata utepe, mkasi ukimponyoka mara mbili kwa furaha. Alitangaza, "Sherehe imefunguliwa," akaingia, kifuniko kikafungwa, nyambizi ikasogea katikati ya bwawa ikinguruma kama siku ya kusaga. Kisha ngurumo ikakatika na maji yakaifunika. King'ora tu ndicho kilichoendelea kulia, kikaenda kikififia.

Ndani taa za lori zilimulika mbele. Ilionekana minazi isiyo na makuti, kisha ukuta wa msikiti, na samaki wakitoka madirishani pasipo haraka. Mheshimiwa, ambaye mdomo wake umezoea kufunguka kila aonapo paa la nyumba, alishika kipaza sauti.

"Ndugu zangu wa Mtondoo, oyee!"

Huko ufukweni umati uliitika. Chini aliitika kambale mmoja, akafungua mdomo, akaufunga.

"Nimekuja kuwashukuru kwa imani yenu! Nawaona hapa mmejitokeza kwa wingi, mmependeza, mmetulia! Serikali yenu imewaletea maji, na imewaletea mpaka mlangoni!"

Bi Sikudhani hakusikia hata neno. Alikuwa amegandisha pua kwenye kioo cha benki. "Pita kushoto. Hapo kisimani. Mbele kidogo, baba Zena, polepole, usije ukakanyaga ua wa watu." Kisha akasema, "Simama."

Nyumba ilikuwa pale. Paa upande mmoja lilikuwa limeshuka, lakini kuta zilisimama, na kibaraza alichokuwa akisukiwa nywele na mama yake bado kilikuwa na kile kipande kilichomeguka. Bi Sikudhani alilia, tena kwa sauti. Alimwamkia mama yake, akamwomba radhi kwamba waliondoka bila kufagia. Mzee Kipeleka, mtu wa maneno mengi, alimshika bega tu.

Baadaye alijipangusa, akasogeza jicho lililo afadhali. "Mlango ule pale," alisema. "Umesimama. Lakini siioni rangi yake."

Mzee Kipeleka akachungulia na yeye. Ulikuwa umeota ukoga juu hadi chini, na katika maji yale kila kitu kilikuwa rangi ya mchicha. "Hata mimi siioni," alisema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao kukiri jambo.

Ndipo taa zilipofifia. King'ora kikatoa sauti ya mbuzi, kikanyamaza. Friji ikatikisika ikafa.

"Betri zimekwisha," alisema Mzee Kipeleka. "King'ora chenu kimezila."

"Washa injini!" alisema Mheshimiwa.

"Niiwashe ituvutie hewa yote iliyobaki humu? Mheshimiwa, dawa ni moja. Navuta komeo, tunaacha jiwe."

"Jiwe gani?"

"Lenye jina lako."

Mheshimiwa alinyanyuka kwenye sofa akajigonga kichwa. Katika historia ya nchi yetu mawaziri wameachia madaraka, wameachia wake, mmoja aliachia hata uraia. Lakini jiwe lenye jina lake hakuna aliyewahi kuliachia akiwa hai. "Hapana," alisema. "Nakataza. Watakuja kutuokoa." Akakigeukia kipaza sauti, ambacho kilikuwa kikivuta umeme wa nchi kavu. "Tuokoeni! Jamani, tuokoeni!"

"Oyeee!" umati uliitika ufukweni, na Bwana Hilari akawaomba wapige makofi ya kilo.

Hewa ilianza kuwa nzito. Mzee Kipeleka aliweka mkono kwenye komeo, mkewe akamgusa mkono huo akautuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa kwake.

"Haraka ya nini, baba Zena? Mimi niko kwetu. Mheshimiwa naye yuko kwa wapiga kura wake. Awaite waje watusukume, si wako wengi?"

"Mama, huu si wakati wa utani!"

"Sitanii, mwanangu. Waite. Wanakupenda sana hawa."

"Hakuna watu hapa!" Mheshimiwa alipiga kelele.

"Hakuna? Wamekwenda wapi?"

"Wako Kilima Upepo! Wote! Tangu maji yalipokuja wako Kilima Upepo, kila mtu anajua!"

"Ala! Na zahanati je? Maana mimi macho yangu haya, naambiwa nije nitibiwe huku."

"Hakuna zahanati! Niliweka jiwe tu! Zahanati iwe kilimani waliko watu, iwe na daktari wa macho, iwe na chochote utakacho, mama, lakini mwambie mumeo avute hilo komeo!"

"Unampa idhini?"

"Idhini nampa!"

Mimi sidai kwamba Bi Sikudhani aliiona taa nyekundu ya kipaza sauti, ile ya kuonyesha kwamba bado kimewashwa. Nimeshasema macho yake yalikuwa mabovu.

* * *

Mzee Kipeleka alivuta. Marumaru ilianguka ikalala ubavu mbele ya kibaraza, maandishi ya dhahabu yakiangalia juu, na kwa namna hiyo maendeleo yakawa yamefika Mtondoo. Nyambizi ilipanda kwa kasi. Ilipokuwa ikipanda, ule mlingoti wenye ncha ya mkuki ulinasa kitu, kikakatika, ukaja nacho.

Ufukweni watu waliona maji yakichemka, kisha kikachomoza mlango. Bendera ilikuwa imebaki chini, na badala yake kwenye mlingoti wa taifa ulisimama mlango mzima wenye ukoga na konokono. Kanuni ziko wazi: kilichoko kwenye mlingoti hupigiwa wimbo wa taifa. Bwana Hilari alitoa ishara, bendi ikapiga, polisi wakaupigia mlango saluti, na watu wazima wakasimama mikono ubavuni wakilia machozi, maana walikuwa wamesikia kila neno kwenye maspika.

Mheshimiwa alitoka, akaangalia umati, akaangalia maspika, akatembea moja kwa moja mpaka kwenye gari lake. Hakufunga sherehe.

Serikali ilieleza siku hiyohiyo kwamba sauti ikipita kwenye maji hupinda, hivyo wananchi walisikia maneno yaliyopinda. Lakini sheria ni sheria. Mheshimiwa akiifunga sherehe, maneno yake yanakuwa ya milele. Akitaka kuyatengua, ni lazima arudi palepale alipoyatamkia, ndani ya tangi, mbele ya kibaraza kile. Mzee Kipeleka amemwandikia barua ya kumkaribisha, akamhakikishia kwamba sofa limeshakauka. Mheshimiwa amejibu kupitia daktari wake kwamba kwa sasa anashauriwa kukaa mbali na maji, hata ya kuoga.

Kwa hiyo sherehe bado iko wazi. Bendi inapiga kwa zamu. Bwana Hilari ameoa palepale kilimani, na bado ameshika kipaza sauti. Na kwa kuwa sheria ilitaka zahanati na hakuna waziri aliyethubutu tena kuwekea kitu jiwe la msingi karibu na lile bwawa, zahanati ilifunguliwa ndani ya hema la wageni mashuhuri. Wajawazito wanasubiri kwenye viti vya mabalozi.

Daktari wa macho alifika. Bi Sikudhani alipasuliwa jicho, akafungwa bandeji, akalazwa kwenye kiti cha Mheshimiwa chenye matakia. Mumewe alitaka kuukwangua mlango usiku uleule, lakini mkewe alikuwa amemwapisha: "Usiuguse mpaka nione mwenyewe." Siku ya kufunguliwa bandeji wakauegemeza mbele yake, na Kilima Upepo nzima ikaja, kwa sababu kwa miaka mingi kila mmoja alikuwa na upande wake katika ugomvi ule.

Bandeji ikatoka. Bi Sikudhani alipepesa, akamwangalia mumewe kwanza, akamwambia amezeeka. Kisha Mzee Kipeleka akachukua brashi na ndoo, akasugua mahali penye upana wa kiganja. Ukoga ukatoka, konokono wakatoka, rangi ikatokea.

Ilikuwa ya kijani. Niliiona mimi, na kila aliyekuwepo aliiona. Kijani kibichi, hata kipofu angeijua.

Watu wakamgeukia mzee. Mzee Kipeleka alisimama na brashi yake, mtu aliyeunda nyambizi ili apate dakika ile, kifua kimeshaanza kuvimba. Bi Sikudhani aliuangalia mlango kwa muda mrefu. Akanyoosha mkono akaushika kitasa, akakizungusha taratibu kama mtu anayerudi nyumbani wenzake wamelala. Bwana Hilari, kwa mazoea, akamsogezea kipaza sauti.

"Bluu," alisema Bi Sikudhani.

Mzee Kipeleka alimwangalia mkewe, akaona anamwona. Kifua kikashuka.

"Bluu," alisema na yeye.

Na kwa kuwa sherehe ilikuwa haijafungwa, mlango ule ni wa bluu mpaka leo.